Ufunguo wa Nyumba ya Kumi

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani hii ya juzijuzi ya saruji na bati, palikuwa na mwanamke akiitwa Nakijwa. Sogeeni basi, msikae huko mlangoni mkanifanya nipige kelele. Nimechoka leo. Atakayesinzia asije akaniuliza kesho ilikuwaje.

Nakijwa alikuwa kibarua. Tangu mumewe afariki, na huo ulikuwa mwaka wa kumi na tisa, kazi yake ilikuwa moja: kubeba. Kubeba mchanga, kubeba maji, kubeba zege. Alibebea shule, alibebea zahanati, alibebea maduka ya watu na nyumba za watu, mpaka utosi ukaota sugu pale inapokaa kata. Nyumba alizozibebea alizihesabu, zikafika thelathini na moja. Naye alilala wapi? Alilala stoo kwa kaka yake, kati ya magunia ya mahindi na majembe. Na mwaka huo kaka mtu akamwambia, kwa adabu lakini akamwambia, "Dada, kijana wetu anaoa baada ya masika. Ile stoo tutaihitaji."

Nakijwa akajibu, "Sawa, kaka." Angesema nini?

Basi. Pale kijijini, ubavuni mwa mlima, tajiri mmoja aitwaye Shekilindi alikuwa anajenga nyumba kumi za kupangisha. Aliajiri watu sitini, mafundi na vibarua, na Nakijwa akiwa mmoja wao. Watu sitini, jamani, si wachache. Lakini nyumba ya kwanza ilichukua mwezi mzima kufika kwenye lenta, pale juu ya madirisha. Mwezi mzima, nyumba ya vyumba viwili! Na masika yalikuwa yamebakiza wiki kumi. Udongo wa mlima ule ukinyeshewa huporomoka, na ukuta usioezekwa huenda nao.

Shekilindi akawaita wote, akasimama juu ya tripu ya kokoto. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Jamani, mvua ikinikuta hivi nimekwisha, nanyi mtakuwa mmejichosha bure. Nisikilizeni. Yule atakayefanya kazi hii iishe kabla ya masika, nyumba ya kumi ni yake. Namkabidhi ufunguo mbele yenu. Mtu mmoja, nyumba moja."

Watu wakacheka. Walishazisikia ahadi za matajiri, tangu enzi za baba zao. Nakijwa hakucheka. Alitazama kule mwisho wa kiwanja, mahali pa nyumba ya kumi, palipokuwa na vigingi vinane tu vya mti na kamba. Aliitaka nyumba ile. Aliitaka kwa uchungu, kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na alijionea haya kwa kuitaka hivyo.

Siku ya pili Nakijwa alifunga punje za mahindi kwenye pindo la kanga. Kila akipandisha karai moja la mchanga, punje moja anaihamishia pindo la pili. Jioni akahesabu: punje hamsini na nne. Mara hamsini na nne alipanda mlima kutoka barabarani mpaka kiwanjani, na kila alipofika juu aliwakuta mafundi wamekaa chini, wanauliza, "Mchanga uko wapi?"

Akamwendea Shekilindi. "Bosi, hapa hatujengi. Hapa tunatembea."

"Una maana gani, mama?"

"Lori linamwaga mchanga chini barabarani. Sisi tunaupandisha kwa kichwa. Kwa nini lisiumwage juu, sisi tukauteremsha?"

"Mama, mchanga humwagwa barabarani. Ndivyo ilivyo siku zote."

"Siku zote tumekuwa tukichelewa," akasema Nakijwa.

Juu ya kiwanja palikuwa na njia ya zamani ya kupitishia magogo. Imeota magugu, na katikati ilikatwa na korongo. Dereva wa lori alipoonyeshwa alitikisa kichwa. "Hapo sipiti. Gari si langu, na roho ni yangu." Basi Nakijwa akalijaza lile korongo mawe. Kwa siku tisa, wenzake wakila ugali wa mchana, yeye anakwenda na karai la mawe huku anatafuna muhogo. Wengine walimwonea huruma, wengine walimcheka. "Nakijwa, huchoki?" Alichoka! Alichoka mpaka jioni akawa anavua viatu kwa kusaidiwa. Siku ya kumi dereva akaja kuitazama njia, akaipigapiga kwa mguu, akapandisha gari huku anasoma dua. Mchanga ukamwagwa juu. Wakapanga mbao, mchanga ukawa unateremka wenyewe mpaka miguuni pa fundi. Mlima uliokuwa adui ukawa kibarua wa sitini na moja.

Kazi ikaenda? Haikwenda. Mchanga ulifika, fundi hakufika.

Sikilizeni sasa kuhusu fundi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mtunguja, mtu wa miaka sabini, mkavu, mchache wa maneno. Na desturi ya mafundi wa upande ule ilikuwa hii: pembe za nyumba ni za fundi mkuu. Hakuna mwingine anayeziweka. Mzee Mtunguja akitaka kuweka pembe huwatuma wasaidizi wote maji, wale hawajui hili wala lile, wakirudi wanakuta pembe imekaa, imenyooka, na kamba ya kupimia imeshaingia mfukoni. Baada ya hapo ndipo wengine waruhusiwe kujaza tofali katikati. Hivyo ndivyo alivyofundishwa naye, baada ya kumtumikia mwalimu wake miaka kumi na moja. Kwa ajili ya pembe zake aliitwa vijiji vitatu, na kwa pembe hizo alisomesha watoto.

Lakini hesabuni wenyewe. Nyumba kumi, kila nyumba pembe nne. Pembe arobaini, watu sitini, mkono mmoja.

Nakijwa akamfuata alikokaa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi, watu wote hawa wanakungoja wewe."

"Waningoje. Nami nilingoja miaka kumi na moja."

"Mvua haitakungoja, fundi."

Mzee akamtazama. "Unajua unaniomba nini?"

"Najua," akasema Nakijwa. Lakini kusema kweli hakujua, na baadaye alijilaumu.

Siku tatu Mzee Mtunguja hakumwamkua mtu. Siku ya nne asubuhi alikaa juu ya mfuko wa saruji, akawaita wasaidizi wake kumi na wawili. Hakuwatuma maji. Akaingiza mkono mfukoni akatoa ile kamba, ina mafundo kumi na mawili yaliyolingana.

"Njooni mwone. Hatua tatu huku, nne huku, tano hapa kuziunganisha ncha. Ikikaza, pembe imekaa. Ndiyo hiyo tu. Ndiyo hiyo mliyokuwa mnatumwa maji msiione. Nikishawaonyesha hamtaniita tena. Najua. Haya, shikeni."

Kijana mmoja akataka kucheka kwamba siri yenyewe ni ndogo vile, mwenzake akamkanyaga mguu.

Kabla wiki haijaisha nyumba zote kumi zilikuwa zinainuka kwa pamoja. Na wiki iliyofuata alikuja mjumbe kutoka kijiji cha pili kutafuta fundi wa pembe. Alimpita Mzee Mtunguja, akamsalimu vizuri, akamchukua mmoja wa wale vijana. Nakijwa aliona. Mzee aliinama akaendelea kuchanganya saruji yake.

Kazi ikaenda? Safari hii ilikwenda. Ilikwenda mno.

Mafundi kumi na wawili wanataka tofali, na mfyatua tofali alikuwa mmoja, Mbaruku, na wasaidizi wake wawili. Mbaruku alikuwa kijana mcheshi, anaishi na mkewe mjamzito mle mle kwenye banda la tofali kiwanjani. Tofali la saruji, kama hamjui, halitoki kwenye kalibu likaenda ukutani. Hulazwa, hufunikwa magunia, humwagiliwa maji siku saba. Kabla ya hapo ni mchanga uliojidai.

Mafundi wakaanza kupiga kelele. "Mbaruku, tofali!" Vibarua wakaanza kupiga kelele. "Mbaruku, unatuchelewesha!" Shekilindi akapiga kelele. Hata Nakijwa alipiga kelele, nami siwezi kumficha. Alisema, "Mbaruku kaka yangu, tumetoka mbali, usije ukatuangusha hapa."

Mbaruku akatoa tofali za siku mbili.

Akazitoa kwa siku sita mfululizo. Ucheshi ukamwisha. Mkewe akimwuliza ana nini, anasema kichwa. Nyumba ya saba na ya nane zikafika kwenye lenta kwa tofali zile, watu wakashangilia. Siku ya saba asubuhi, watu wanafika kazini, wakamwona Mbaruku amesimama mbele ya nyumba ya saba. Akaweka bega ukutani. Akasukuma. Ukuta mzima ukalala chini, vumbi tupu.

"Mbaruku! Una wazimu?"

Akahamia nyumba ya nane, akasukuma. Ukalala.

Lo! Watu wakamrukia. Mmoja ameshika beleshi, mmoja nondo. Jasho la wiki nzima lile, mnafikiri watu wangefanyaje? Nakijwa ndiye aliyejitia katikati, mikono ameitanua, na yeye mwenyewe alikuwa analia kwa hasira. "Mwacheni aseme! Mwacheni aseme kwanza, mtampiga baadaye!"

Mbaruku akasema, "Tofali ni changa. Mimi nilizitoa, na mimi nilijua. Bega langu limeziangusha, je, mvua? Kungekuwa na watu wamelala humo ndani."

Hawakumpiga, lakini hawakumsemesha pia. Walipoteza siku tano kufagia na kuanza upya. Mbaruku hakulalamika. Alizipanga tofali zake kwa mistari, kila mstari na kijiti chake, siku ya kwanza mpaka ya saba, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa ila mstari wa mwisho. Tofali zikisubiri, mafundi walipelekwa kwenye sakafu na kupaua. Ikawa hakuna anayekaa, na hakuna anayekimbizwa. Kazi ikatulia ikawa na mwendo wake. Watu walishangaa kwamba jioni hawakuwa wamechoka kama zamani, na nyumba zilikuwa zimeinuka zaidi.

Alhamisi bati la mwisho likapigiliwa kwenye nyumba ya kumi. Jumamosi alfajiri mvua ikaanguka, ile mvua ya masika yenyewe.

Asubuhi walikuta nyumba zote kumi zimesimama. Kitu kimoja kilikuwa kimeanguka: kile kibanda cha kuwekea saruji, walichokijenga haraka haraka kwa tofali za zile siku sita na kukisahau. Kimelala kwenye tope, bati juu yake. Watu wakakizunguka, wakatazamana, wakamtazama Mbaruku.

Shekilindi akawaita wote ndani ya nyumba ya kumi. Walijazana mpaka madirishani. Mvua ilipiga bati, mtu akitaka kusikika lazima apaze sauti. Shekilindi akatoa ufunguo, mpya, una kikaratasi chake bado.

"Niliahidi, na sili maneno yangu. Anayejiona ni wake aseme."

Mzee Mtunguja akasimama. "Sijazoea kujisifu, lakini nitasema. Mchanga ungekuja wote duniani, bila pembe usingekuwa ukuta. Mimi nina kibanda changu kijijini, sisemi sina pa kulala. Nasema nilikuwa na ufundi wangu, sasa sina. Niliutoa mbele yenu kwa asubuhi moja. Huyu dada alitoa jasho, na jasho hurudi. Huyu Mbaruku alitoa bega. Mimi nilichokitoa hakirudi."

Mbaruku akajibu. "Fundi, heshima yako naijua. Lakini watu walikuwa wanakungoja wewe. Mlango ulioufungua ndio ule ule ulioufunga mwenyewe miaka yote. Mimi nilifanya kosa, nililiungama mbele ya nondo na mabeleshi. Kile kibanda mmekiona. Bila mimi mngekuwa na nyumba nane na makaburi. Kiwanja kikifungwa leo, banda la tofali linavunjwa, na mke wangu anajifungua mwezi huu."

"Kosa lako umelisahihisha mwenyewe," akasema Mzee Mtunguja. "Tangu lini mtu akapewa zawadi kwa kuzima moto aliouwasha?"

"Na nani alikuwa anapuliza?" akauliza Mbaruku.

Watu wakaanza kugawanyika. Huku wanasema fundi, kule wanasema Mbaruku. Wengine wanasema Nakijwa, maana ndiye aliyeanza, ndiye aliyeamsha waliolala. Wengine wanawajibu kwamba mlima ulikuwepo, lori lilikuwepo, njia ilikuwepo, yeye alionyesha tu. Na tena haraka aliyoianzisha yeye ndiyo iliyozaa tofali changa. Kelele zikashindana na mvua.

Nakijwa alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Alizijua tofali zile za mgongoni kwake, alizibeba mwenyewe, mstari wa siku ya saba. Alitaka kusimama aseme. Miguu ikakataa, ulimi nao ukakataa. Uchovu wa miaka kumi na tisa ulimkalia asubuhi ile moja.

Shekilindi akainua mkono. "Basi, basi! Mimi kichwa changu kimejaa. Nimeona neno moja. Watatu hawa ndio waliofanya kazi iishe, na wawili wamedai. Mmoja hajadai. Mama Nakijwa, wewe hukujitakia nafsi yako, na wote wanakuamini. Chukua ufunguo. Wewe utaamua anapewa nani."

Akamwekea kiganjani. Watu wakapiga makofi! Walipiga makofi, wakasema kweli, huyu mama hana tamaa.

Nakijwa akautazama ufunguo. Kisha akainuka, kwa kushika ukuta, akasema, na hakupaza sauti, ikabidi wote wanyamaze.

"Mimi sikunyamaza kwa sababu sitaki. Nilinyamaza kwa sababu nimechoka. Naitaka nyumba hii. Nimejenga thelathini na moja, na hii na zile tisa zimefika arobaini na moja, sijalala hata moja. Kijana wa kaka anaoa, nami natolewa stoo. Kama nisingesema ule mchanga, mngekuwa bado mnapanda mlima leo, kwenye tope. Lakini mimi ndiye niliyemwendea fundi nikamwambia atoe alichokuwa nacho, na sikujua namwomba nini. Na mimi nilimpigia Mbaruku kelele na wenzangu. Hayo nayo yangu."

"Basi amua, mama," akasema Shekilindi, taratibu. "Ukijipa, hakuna atakayekunyang'anya, nimekupa mimi. Ukimpa mwingine, ni wake."

Mzee Mtunguja akatazama chini. Mbaruku akatazama mlangoni, mkewe aliposimama na mikono tumboni. Watu sitini wakamtazama Nakijwa, wale waliompigia makofi kwa kutokuwa na tamaa.

Mimi naishia hapo, msinitolee macho. Nimeisimulia hadithi hii mahali pengi na sijawahi kutoka bila watu kugombana. Nishampa fundi, nikaona haya kwa Mbaruku. Nishampa Mbaruku, nikakumbuka kamba ya mafundo kumi na mawili. Nishampa Nakijwa, mtu mmoja akaniuliza, atawezaje kulala humo? Nikamjibu, na akiutoa ufunguo, atakwenda kulala wapi?

Haya, nyinyi hamjachoka bado, semeni. Mvua inanyesha, mlango uko wazi, ufunguo uko kiganjani mwa mwanamke aliyetaka kitu kimoja tu maisha yake yote. Je, nani alistahili? Na ungekuwa wewe Nakijwa, kiganja kile ungekifumba, au ungekinyoosha kwa nani?